Wikiendi ya Nane Nane na watu 28: mwandalizi naye apumzike vipi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tabata Segerea. Mwaka jana Nane Nane iliangukia Ijumaa, tukaenda ufukweni ukoo mzima wa mume wangu. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta bahari imeondoka, tope na mawe tu, watoto wakaanza kulia. Wali wa nazi ulichacha. Mimi na wifi yangu tulishinda jikoni tangu usiku wa manane mpaka jioni, na ugomvi wa michango kwenye kundi la WhatsApp ukaendelea hata baada ya sikukuu kupita. Mwaka huu wameniambia nipange tena. Tutakuwa 28, kati yetu watoto 12. Mama mkwe ana miaka 74 na goti linamsumbua. Tuna Waislamu na Wakristo, na kwenye hesabu hiyo nimeweka jirani yangu na rafiki wawili wa kazini. Tuende wapi, tule nini, pesa nikusanye vipi, na watoto wawe salama vipi majini? Na kusema kweli mama, hata mimi ningependa kupumzika siku hiyo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jambo kubwa kuliko yote umelitaja mwishoni, tena kwa unyonge, kana kwamba unaomba nyongeza. Mimi naanza nalo. Kazi yangu ni kuandaa matembezi ya familia, ya vikoba na ya vikundi vya dini hapa Dar es Salaam, na ninapoitwa kusaidia baada ya siku kuharibika, mara nyingi chanzo si mahali wala uhaba wa pesa. Ni kwamba watu walipanga starehe, kazi hawakuipanga. Watoto hawahitaji ratiba ya kucheza mchangani, na akina mjomba hawafundishwi kupiga soga. Kinachohitaji jina la mtu na saa yake ni kuchoma nyama, kuosha vyombo, kulinda watoto majini, kushika pesa na kufunga mizigo jioni. Kazi isiyo na jina humwangukia mwenye shughuli, halafu na wifi anayemwonea huruma. Ndivyo ilivyowakuta ninyi wawili.

Kwa hiyo nitakupa majibu yote uliyoyauliza, lakini kila nikitaja jambo nitakutajia na kazi iliyomo ndani yake. Naanza na bahari, maana ndiyo itakayokupangia saa za vitu vingine.

Mwaka jana ufuo haukuwa na kosa. Mwezi mpevu wa Agosti 2025 uliangukia tarehe 9, siku moja tu baada ya Nane Nane. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza unaandama, nguvu ya jua na ya mwezi huvuta maji kwa pamoja, tukapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Hapa kwetu, siku za bamvua, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwa kuwa fuo zetu nyingi ni tambarare, maji yakipwa huenda mbali mpaka unaona miamba na mitumbwi imelala ubavu. Tena hapa Dar bamvua ina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ninyi mlifika saa nne. Mngekuta bahari ipi?

Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka. Hayo ndiyo maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali, na hujaa asubuhi kuelekea mchana. Katikati ya hali hizo mbili, saa ya kujaa husogea mbele kila siku kwa wastani wa dakika 50 hivi.

Sasa tazama mwaka huu. Nane Nane ni Jumamosi, na mwezi mpya ni tarehe 12 Agosti, siku nne baadaye. Mtakuwa mmeyaacha maji mafu mnaelekea bamvua. Maana yake maji yatakuwa yamepwa mapema asubuhi, yatapanda asubuhi nzima, yatafika juu mchana, kisha yataanza kurudi alasiri. Kwa familia yenye watoto huwezi kuomba siku nzuri zaidi. Saa kamili zisome kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, linapatikana bure kwenye simu. Kumbuka tu kwamba jedwali huandika saa kwa mtindo wa 13:00, ambayo ndiyo saa saba yetu ya mchana. Kusoma jedwali hilo ni kazi ya kwanza, na si yako. Mpe kijana mmoja wa ukoo, yule anayeshinda na simu mkononi, aandike saa za kujaa na kupwa za Jumamosi na Jumapili kwenye kundi lenu.

Kutokana na maji hayo siku yenyewe inajipanga. Ondokeni Tabata saa mbili asubuhi, mfike kabla ya saa nne. Watoto waogelee kuanzia saa nne maji yakiwa yanaingia, kwa sababu maji yanayojaa humsukuma mtu kuja nchi kavu. Chakula kiwe saa saba na nusu, baada ya swala ya adhuhuri. Maji yakianza kurudi, kuogelea kwa watoto kumekwisha, hata wakilia. Hapo mchanga uliokuwa umefunikwa utaanza kuonekana, mgumu na uliolowa, na huo ndio uwanja wa mpira, wa rede na wa kuvuta kamba. Saa kumi na nusu mnafungasha.

Mahali sasa. Kwa watu mnaotoka Segerea wenye mzee wa goti, mimi nawapeleka Kigamboni, upande wa Mjimwema au Gezaulole, tena kwa njia ya daraja. Mkishafika Barabara ya Mandela mnanyoosha mpaka Kurasini, mnavuka Daraja la Nyerere, hakuna kushuka kwenye gari wala kusukumana. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2016, familia kama yenu kwa kawaida ingepanga foleni ya kivuko cha Magogoni, na siku ya sikukuu foleni ile haimfai mama wa miaka 74. Coco ni ufuo ninaoupenda sana kwa mihogo ya kukaanga na kachumbari yake, na hauna kiingilio, ila siku ya Nane Nane utajaa watu kiasi kwamba kuwatazama watoto 12 kwa pamoja hakuwezekani. Nendeni huko siku ya kawaida, jioni, watu wanne au watano. Kunduchi na Mbezi Beach kuna maji yaliyotulia zaidi kwa sababu visiwa vinakinga mawimbi, lakini kwenu ni mbali na Barabara ya Bagamoyo jioni ya sikukuu itawachosha.

Najua kuna mtu kwenye kundi atasema twende Mbudya au Bongoyo. Visiwa hivyo ni vizuri kweli, na vimekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ndiyo maana bado vina maji safi na vichaka. Lakini Agosti ni msimu wa kusi, upepo huongezeka mchana na boti za kurudi huanza kurukaruka. Kumpandisha mama mkwe kwenye boti akiwa amesimama ndani ya maji ya magoti ni adhabu. Vijana wakitaka kisiwa, waende wenyewe Jumapili, waondoke asubuhi, warudi kabla ya alasiri, na kila mmoja avae boya lake la kujiokolea tangu boti inapoondoka. Boya lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu.

Ufuo mtakaouchagua muende kuukagua wawili kabla ya siku. Siku ya kukagua usitazame rangi ya maji. Tazama choo: kipo, kina maji, kiko hatua ngapi kutoka mtakapokaa, kina ngazi? Tazama kivuli cha kuwatosha watu 28, maana kivuli cha mnazi huhama. Uliza kama mnaruhusiwa kuja na chakula chenu na kuwasha jiko, kwa sababu sehemu nyingi zenye mgahawa hazikubali, na mabishano ya getini asubuhi ya sikukuu huwaharibia siku watu wazima kabla hawajakaa. Uliza kiingilio cha mtoto na cha gari. Kazi hii mpe mumeo na mdogo wake. Waende wikiendi mbili kabla, warudi na majibu na picha ya choo.

Chakula ndicho kilichokuvunja mgongo mwaka jana, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Wali wa nazi ni chakula cha nyumbani, cha kupakua kikiwa cha moto na kuliwa hapo hapo. Tui huharibika haraka, na ukiupika usiku ukaufunga kwenye sufuria mpaka mchana wa pili umekwisha. Pilau huvumilia zaidi, lakini nayo ina mipaka. Chakula chochote kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 kikiwa vuguvugu, na joto la siku likipita nyuzi 32 iwe saa 1. Wali ndio wa kuogopwa zaidi kuliko watu wanavyodhani: bakteria wake hutoa sumu ambayo ukiupasha tena haiondoki. Kwa hiyo swali si “nipike nini kisichoharibika” bali “nani alete chakula saa sita kikiwa bado kinaunguza mkono”.

Mpango wangu ni huu. Usipike pilau wewe. Pale mtaani kwenu hamkosi mama lishe au mpishi wa shughuli anayeaminika. Mpelekee mchele kilo 4 na nyama ya kupikia kilo 3, mlipe ujira wake, aipue pilau saa tano asubuhi. Ndugu mmoja mwenye gari lake hasafiri nanyi saa mbili, anabaki na watu watatu, anachukua pilau ikiwa ndani ya hotipoti kubwa au sufuria iliyofungwa kwa blanketi, anakuja nayo moja kwa moja. Hivyo hata Coaster inawatosha bila mtu kusimama. Kilo 4 nimezihesabu kwa watu wazima 16 wanaokula gramu 150 za mchele mkavu kila mmoja na watoto 12 wanaokula kama nusu na zaidi kidogo. Itabaki kidogo, na kidogo kikibaki ni heri.

Kifungua kinywa kiwe kikavu: chapati, vitumbua, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Kila kaya ilete chake. Hapa usichange pesa wala usigawe, utajiongezea hesabu bure.

Nyama ya kuchoma iwe kazi ya wanaume kuanzia kuinunua mpaka kuosha mishikaki yenyewe. Steki kilo 4 zinatoa mishikaki kama 40 hadi 45, ongeza kuku wanne waliokatwa. Ikolezwe Ijumaa jioni kwa tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, ilale kwenye friji, isafiri ndani ya deli lenye barafu, na isitoke humo mpaka mkaa uwe mwekundu. Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe iliyoiva. Kosa hilo hutokea sana mkaa ukishakolea na watu wakawa na njaa, na matokeo yake huonekana Jumapili kwa matumbo ya watoto. Kama hakuna mwanaume wa ukoo anayejua kuchoma, kodini mchomaji. Pesa hiyo ni afadhali kuliko yako ya dawa ya mgongo.

Mkitamani samaki, msinunue Ijumaa jioni sokoni kwenu. Wawili waende soko la samaki la Feri alfajiri ya Jumamosi, mnada unapochangamka, wachague changu au tasi kwa kuchoma, kisha wawape waparaji pale pale wawaoshe. Kwa watoto chukueni vipande vya nguru au jodari, havina miiba midogo. Macho yawe yamejaa na angavu, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Lakini niseme wazi: kwa watu 28 na mwaka wenu wa kwanza wa kujipanga upya, mimi ningeacha samaki.

Kachumbari ikatwe pale pale, dakika chache kabla ya kula. Matunda mwezi Agosti hayana shida, machungwa ya Muheza bado yapo na ni matamu, beba mengi. Maji ya kunywa hesabu lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 kwa mtoto, yaani karibu lita 45, na watu husahau maji ya kunawa na ya kumsuuza mtoto chumvi, ongeza madumu mawili. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo chukueni vikapu na magunia mawili ya taka, mrudi nayo.

Pesa. Ugomvi wenu wa mwaka jana naukisia bila kuusikia: mliweka kiwango kimoja kwa kila kaya, kaya ya watu wawili ikalipa sawa na kaya ya watu saba, halafu mtu mmoja akanunua vitu bila kuonyesha risiti. Dawa yake ni mafungu. Mtu mzima mwenye kipato ni fungu moja. Mtoto wa zaidi ya miaka 5 ni nusu fungu. Mtoto mdogo, mwanafunzi wa chuo na mama mkwe hawalipi. Tuseme bajeti nzima, usafiri na kiingilio na chakula na akiba kidogo ya dharura, imefika shilingi 560,000. Tuseme watu wazima wanaolipa ni 12 na watoto wa nusu fungu ni 8. Hayo ni mafungu 16, kila fungu shilingi 35,000. Mume na mke wenye watoto wawili wa shule wanalipa 105,000, na kijana asiye na mke analipa 35,000. Kila mtu anaona hesabu imetoka wapi. Jirani na rafiki zako wa kazini wasitajiwe fungu. Ni wageni wako, wataleta matunda au soda kwa hiari yao, na fungu lao mnaligawana wenyeji.

Mhazini asiwe wewe. Mtafute ndugu mwenye mkono mzito wa kutoa na mwepesi wa kuandika, kila anachonunua akipige picha ya risiti akiweke kwenye kundi. Mwisho wa kupokea iwe Jumamosi tarehe 1 Agosti, wiki moja kabla. Siku hiyo ndiyo Coaster inalipwa malipo ya awali, na mwulizeni dereva mapema kama bei yake imeingiza mafuta na tozo ya daraja, kwa sababu humo ndimo “nyongeza” za njiani huzaliwa. Tena kwenye kila ukoo kuna mtu ambaye mwezi huo hana. Aambiwe na mhazini peke yake, simu kwa simu, kwamba aje na familia yake na asaidie kazi. Jina lake lisionekane kwenye orodha ya wadaiwa. Nimeona watu wazima wakikaa nyumbani na watoto wao sikukuu nzima kwa aibu ya orodha hiyo, na ni jambo linaloniuma sana.

Usalama majini sikusamehei hata nukta moja. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama watu wanavyofikiri. Mara nyingi anazama kimya, kwa muda mfupi sana, mita chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Na hatari huongezeka kadiri watu wazima wanavyokuwa wengi, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Kwa hiyo wawekeni walinzi wawili wa maji kwa zamu ya nusu saa, wenye majina na saa zilizoandikwa. Aliye zamu avae kofia moja inayojulikana, asishike simu, asile, asiwe amekunywa pombe. Hasogei mpaka anayempokea ameivaa kofia. Watoto wa chini ya miaka 5 wawe umbali wa mkono wa mzazi wao wenyewe, hao hawahesabiwi kwenye zamu ya mtu mwingine. Waliobaki wasipite maji ya kiunoni mwao.

Yale matairi ya kuelea yanayokodishwa ufukweni, mkatae. Upepo na maji yanayorudi humpeleka mtoto kina kirefu akiwa anacheka. Badala yake chukueni dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana, mlifunge kamba ndefu mpini wake, liwe karibu na walinzi. Mtu akizidiwa, rusheni dumu alishike mmvute, msikimbilie kuruka wote. Mtu mzima akijikuta anavutwa na mkondo kwenda nje, asishindane nao. Aogelee kwa kuambaa na ufuo mpaka nguvu ya mkondo ipungue, ndipo ageuke kurudi. Akitolewa mtu majini hapumui, asining’inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Alazwe chali, apulizwe pumzi 5 mdomoni, kisha abonyezwe katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Somo hili wafundisheni vijana wenu mapema, wiki hiyo hiyo. Na watoto wote wavae yeboyebo ndani ya maji, kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wa miiba.

Mama mkwe. Usimpangie, muulize. Mpigie simu kabla hujatuma chochote kwenye kundi, mwambie umefikiria Kigamboni kwa daraja, na kwamba utamwekea kiti chenye mikono ya kuegemea, kwa sababu mkeka kwa mtu wa goti ni kama shimo, kuingia rahisi, kutoka mpaka avutwe. Muombe yeye ndiye afungue chakula kwa dua, au amteue wa kuomba. Akishakubali mbele yako, hakuna shemeji atakayepinga mahali kwenye kundi.

Mambo ya dini hayana ugumu yakisemwa mapema. Kuku na nyama vichinjwe na Mwislamu, kitimoto kibaki siku nyingine, tengeni kona safi yenye mkeka na dumu la kutawadhia. Kama kuna Wasabato katika ukoo, Jumamosi itawafunga, basi waulizeni kabla hamjalipa Coaster, mkiona ni wengi hamishieni Jumapili mchana baada ya ibada, maji yatakuwa yamesogea mbele kidogo tu. Wanaokunywa bia wakae upande wao, waanze baada ya chakula, na akishaanza haingii majini na haendeshi.

Rafiki zako na jirani walete Jumamosi hiyo hiyo, usiwatenge kwa siku yao. Ndugu wakiwa peke yao hukumbushana madeni ya zamani. Akiwepo mgeni hujizuia, huchagua maneno, na hata mashemeji wasiosemeshana hujikuta wamekaa mkeka mmoja wanamsimulia mgeni utoto wao. Wasukuma na Wazaramo wa ukoo wenu, kama wapo, watapata na mtu mpya wa kumwonyesha utani.

Jumapili msiende popote. Baraza, kahawa na kashata, bao au drafti, kiporo cha nyama kilichokaa kwenye friji usiku. Mtu akitaka kuona maonyesho ya Nane Nane yenyewe, ya Kanda ya Mashariki huwa Morogoro, na treni ya SGR imeifanya kuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, lakini hiyo ni ya watu watatu au wanne, iwe siku za kabla ya Jumamosi, na tiketi zikatwe mapema.

Imebaki kazi yako. Umepewa moja tu, kutuma ujumbe. Ukishazungumza na mama mkwe, andika hivi kwenye kundi, ubadilishe majina:

“Ndugu zangu, mama ameridhia Nane Nane tuwe Kigamboni, Jumamosi. Coaster inaondoka Segerea saa 2:00 asubuhi. Fungu ni shilingi 35,000 kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto wa zaidi ya miaka 5, mwisho tarehe 1 Agosti kwa mhazini, shemeji fulani. Kukagua ufuo: kaka fulani na fulani. Pilau na gari la saa tano: fulani. Nyama na mkaa: baba fulani na vijana wake. Walinzi wa maji, zamu nane: orodha naibandika hapa chini, kila mtu aweke jina lake. Vyombo na taka: fulani, fulani na fulani. Kifungua kinywa kila kaya ilete chake. Mimi na wifi mwaka huu hatumo jikoni, tumo kwenye zamu ya maji saa 4:30 na saa 6:00.”

Zamu zikibaki wazi siku ya pili, usizijaze wewe. Mwachie mumeo awapigie ndugu zake mmoja mmoja.